Sindano Ilisema Arobaini

Bukavu, Jumapili tarehe 10 Novemba 1957

Mama yangu mpenzi,

Namwomba Mwalimu Tadeo anayekusomea barua hii asianze mpaka uwe umeketi, na mguu wako umewekwa juu ya kigoda kama masista walivyokuagiza. Je, uvimbe umepungua? Veronika amepata nguvu baada ya kujifungua? Mtoto ananyonya? Na paa la jiko, ule upande wa migomba, linastahimili mvua za mwezi huu au bado mnatega sufuria chini? Unaona ninauliza mengi. Ni kwa sababu naogopa kufika kwenye neno lenyewe.

Mimi mwilini ni mzima. Bado ninakaa Kadutu katika chumba kilekile, na kila siku baada ya saa sita mvua inashuka hata ziwa halionekani. Siku ya Marehemu Wote nilipanda lori hadi Nyangezi, nikapalilia kaburi la Aloisi. Nimepanda pale yale maua mekundu yanayoota nyuma ya jiko letu. Mbegu alikuja nazo mwenyewe kutoka nyumbani, amezifunga katika karatasi ya daftari. Nilizikuta ndani ya sanduku lake, chini ya shati. Hakuwa amepata mahali pa kuzipanda.

Barua yako niliipokea Jumanne. Swali lako lilikuwa moja. Uliuliza kama ni kweli mdogo wangu alikuwa amelewa, au kama wazimu ulimpanda, kwa kuwa habari iliyowafikia kutoka kwa mzungu aliyemwajiri ilisema aliendesha motokari kama mtu asiyetaka kuishi. Ukasema pia kwamba Mjomba Lukas amekataa mtoto abatizwe kwa jina la baba yake, maana katika ukoo wetu jina la mtu aliyejitakia kifo halipewi mtoto. Ukasema Veronika anamwita mtoto "wewe" tu, mpaka niandike.

Mama, hakulewa. Hakuwa na wazimu. Aloisi alikufa akitii alichoambiwa. Aliyekosa ni mimi. Mwalimu, tafadhali usiruke maneno hayo. Yasome tena, kisha uendelee.

Nitakueleza polepole, maana hujawahi kuketi mbele ndani ya motokari. Mbele ya shofere kuna chombo cha mviringo, mfano wa uso wa saa, chenye sindano moja. Sisi wa garaji tunakiita konteri. Motokari ikikimbia, sindano inapanda na kuonyesha tarakimu: ishirini, thelathini, arobaini. Huku kwetu tarakimu hizo ni za kilomita. Lakini kwa Waingereza, upande wa Uganda, ni za maili, na maili moja ni ndefu kuliko kilomita moja. Ni kilomita moja na nusu na kidogo tena. Motokari ya kule sindano yake ikisema arobaini, ujue kwa hesabu ya huku ni sitini na nne. Ndiyo sababu motokari zinazotoka Uganda zinaletwa kwetu, konteri zao zibadilishwe. Kazi hiyo nimepewa mimi tangu miaka mitatu, kwa sababu mkono wangu hautetemeki.

Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya usoni: nafuta neno la maili na kuandika KM kwa rangi nyeupe, herufi ndogo kama punje za mtama. Ya pili ni ya ndani. Kuna springi nyembamba kama unywele, imejikunja kama konokono. Nailegeza kidogo kidogo mpaka sindano ipande zaidi ya zamani, ili arobaini yake iwe arobaini ya kilomita. Naanza na uso kwa kuwa rangi inachelewa kukauka. Wakati inakauka ndipo nashika springi. Halafu tunatoka barabarani, penye mawe ya kilomita, na saa mkononi, tuhakikishe kwamba sindano inasema kweli. Baada ya hapo ndipo natia sahihi katika kitabu cha garaji.

Mwezi wa tisa ililetwa motokari ya zamani, ya Kiamerika, ya kabla ya vita, usukani wake upande wa kuume. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa Nyangezi alikuwa ameinunua Kampala. Asubuhi nikaandika KM, nikauweka uso dirishani ukauke. Saa tano nikasikia mtu anapiga makofi mlangoni. Alikuwa Aloisi. Ametoka kupewa permis yake ya ushofere, ameishika kwa ncha za vidole viwili asiichafue, na viatu amevifuta mpaka vinang'aa.

"Yaya, simama vizuri," akaniambia, akiniita kaka yake mkubwa. "Uko nasema na shofere."

"Shofere wa nani?"

"Wa ule muzungu wa Nyangezi. Ile motokari uko natengeneza, mimi njo nitaiendesha. Weye uko mufundi tu. Siku moja nitakupandisha nyuma, lakini utapangusa miguu kwanza."

Zakaria, mwenzangu wa kazi, mzee mwenye mvi, alicheka hata akaweka nyundo chini. "Bonifasi, peleka huyu mukubwa akakule, kabla hajatuandikia faini!"

Mama, nilifurahi sana. Nilimkumbuka alivyokuwa akikimbia uani kwetu na kuti la mchikichi lililopindwa kama usukani mikononi, akisimama mbele ya kila nyumba ili "wasafiri" washuke. Tulikwenda tukala bugali na ndakala, wale samaki wadogo wa Uvira. Alizungumza habari za Veronika tu, na mtoto atakayekuja. Tuliketi muda mrefu kuliko ilivyofaa. Niliporudi saa nane, konteri ilikuwa imekwisha kurudishwa ndani ya motokari. Mzungu alikuwa amekuja anaitaka, na Zakaria, alipoona neno KM limekauka usoni, alidhani kazi ya ndani nimekwisha kuifanya. Mtu yeyote angedhani hivyo. Na mimi nilipoiona imekaa mahali pake, na Aloisi amesimama kando akingojea kumfungulia bwana wake mlango, sikukumbuka springi. Furaha ilikuwa imenijaa kichwani. Kwenye mawe ya kilomita sikwenda, kwa kuwa mvua ilianza na mzungu alikuwa na haraka. Nikatia sahihi kwamba nimekwenda.

Hivyo motokari ikatoka na kilomita usoni na maili moyoni.

Juma moja baadaye tulikutana baada ya Misa. Aloisi alikuwa anafikiri kitu.

"Yaya, ile motokari iko nakimbia kupita sindano yake. Miti inanipita mbio. Natazama sindano, inasema thelathini."

Nikamcheka. "Ulijifunza katika lori la mchanga, watoto walikuwa wanakupita kwa miguu. Sasa umepata motokari ya kweli unaona miti inakimbia."

"Pengine," akasema. "Lakini njoo tuipime ku mawe, Jumamosi."

"Jumamosi ninafua nguo."

"Utafua hata ile shati moja? Itakwisha!"

Tukacheka wote wawili, tukaachana. Jumamosi sikufua. Nililala tu. Nimekwisha kuirudia siku hiyo kichwani mara nyingi, Mama, na kila mara naamka mapema na kwenda.

Siku aliyokufa alitumwa peke yake Luberizi kuchukua magunia ya mpunga. Kutoka Nyangezi barabara inashuka mlima mrefu mpaka uwanda wa Ruzizi. Upande mmoja ni ukuta wa mawe, upande mwingine hakuna kitu. Pale juu kuna mti umelazwa katikati ya njia. Motokari zinasimama hapo kungoja zamu ya kushuka, na kibao kimeandikwa 40. Baada ya maziko nilikwenda kumtafuta mlinzi wa mahali pale, mzee wa Nyangezi, nikamuuliza kilekile ulichoniuliza wewe.

"Pombe?" akasema. "Hapana, kijana yangu. Aliomba maji. Akakunywa, akanirudishia kikopo na mikono mbili. Akaniuliza: Papa, kibao kinasema arobaini, si vile? Nikamujibu: njo vile, arobaini, usipite. Akasema: sitapita, bibi yangu iko karibu kuzaa. Akaanza kushuka, namuona anakaza macho ku konteri kama mutoto wa masomo ku ubao."

Kisha mzee akaangalia chini.

"Lakini alishuka mbio. Nilipiga kelele, hakusikia. Nikasema moyoni: huyu kijana ananidanganya na adabu yake."

Kona ya kwanza alipita. Ya pili alipita. Ya tatu ni ile inayojikunja kurudi nyuma.

Hakumdanganya mzee. Alishika arobaini aliyoonyeshwa. Naamini mwili wake ulihisi mbio zile, maana alikwisha kuzihisi tangu zamani na kuniambia. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha asiuamini mwili wake, aamini sindano. Angeambiwa na mtu mwingine angebisha.

Mabaki ya motokari yaliletwa uani kwetu kwa mnyororo. Siku nyingi sikuyakaribia. Halafu asubuhi moja nikachukua bisibisi, nikatoa konteri. Hata kioo chake hakikuvunjika. Nikafungua ndani. Springi ilikuwa imekazwa vilevile kama ilivyotoka kiwandani, haina hata alama moja ya koleo langu. Nilikaa chini palepale, juu ya udongo. Zakaria akaja, akatazama, akaelewa kabla sijasema.

Hata hivyo nilitaka kuwa na hakika, nisijihukumu kwa kudhani. Garaji ilikuwa na motokari nyingine ya namna ileile, tukaifunga konteri ya Aloisi humo. Zakaria akaendesha, mimi nikashika saa, tukaenda barabara ya Nyangezi mahali palipo sawa, penye mawe. Nikamwambia ashike arobaini asiiachie. Nitakuhesabia kwa sala, Mama, ili uelewe. Motokari ikienda arobaini ya kweli, kutoka jiwe moja hadi jiwe linalofuata mtu anaweza kusali Salamu Maria tisa kwa utaratibu, kama unavyosali wewe. Nilikuwa katikati ya ile ya sita tu, jiwe likapita. Tukageuka, tukarudia. Katikati ya ya sita. Tukarudia tena. Mara ya nne Zakaria alisimamisha motokari kando ya njia, mikono bado juu ya usukani.

"Mimi njo niliirudisha," akasema. "Tugawe hii kosa, Bonifasi. Weye nusu, mimi nusu."

Nikamwambia asante, lakini sahihi iliyo kitabuni ni moja.

Nilikwenda kwa patron, yule mzungu mwenye garaji. Nilimwonyesha konteri na namba za saa nilizoandika. Alizitazama kwa muda mrefu. Ni mtu anayejua kazi. Kisha akafunga mlango. "Karatasi ya polisi ilishafungwa," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Ule muntu alishakufa, hakuna wa kumufufua. Weye uko muzima, uko na kazi. Tupa ile kitu ku ziwa." Hakusema kwa ukali. Nafikiri hata alinihurumia. Na karatasi hiyo ya polisi, Mama, ndiyo inayosema kwamba shofere alikimbiza motokari kwa uzembe wake. Ndiyo aliyoisoma mzungu wake, na ndiyo iliyofika kwenu masikioni.

Hayo yalikuwa majuma mawili yaliyopita. Sikuitupa ziwani, lakini pia sikusema kwa mtu. Asubuhi nilikwenda kazini, jioni nilirudi, na konteri ilikuwa chini ya kitanda changu. Nilijiambia kwamba wewe umebakiwa na mwana mmoja, na si vizuri umkose naye. Nilijua ni uoga, ila nilikuwa nimeuvika nguo nzuri. Ndipo ikaja barua yako, na yule mtoto anayeitwa "wewe".

Kuna jambo jingine, la zamani. Unakumbuka siku ile ndizi zilipoungua na chungu cha bibi kikapasuka? Ulikuwa unakwenda mtoni. Ulimwambia Aloisi, kivuli cha paa kikifika kwenye kinu, atoe chungu motoni. Alikuwa na miaka sita, labda saba. Aliketi mbele ya kinu kile, hakucheza hata na mchanga. Alipogeuka kufukuza kuku, mimi nilikisogeza kinu hatua tatu, kwa mchezo tu, nione atafanya nini. Hakuona. Alirudi akakaa palepale, anatazama kivuli kinakuja, kinakuja, hakifiki. Ulirudi ukakuta moshi. Ulipomchapa alilia akisema, "Hakijafika, Mama, tazama mwenyewe!" Nawe ukamwambia mvivu asiongeze uongo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko. Nilisikia yote. Baadaye alinigawia nusu ya muwa wake, hajui chochote.

Kinu nilikisogeza mimi, Mama. Miaka hii yote sikukuambia.

Kesho Jumatatu asubuhi nitakwenda kwa komiseri wa polisi. Konteri nimeifunga katika kitambaa cha bluu ulichonipa nilipoondoka nyumbani. Unisamehe kwa kukichafua kwa mafuta. Nitachukua na karatasi ya namba za saa. Zakaria amesema atakuja naye aeleze alichokiona kwenye mawe, ingawa nilimwambia abaki. Na mlinzi wa mlimani amekubali kurudia maneno yake akiitwa. Nitawaomba wafungue ile karatasi yao waandike kwamba shofere alishika mwendo alioonyeshwa, na kwamba aliyeonyesha uongo ni fundi. Sijui watanifanya nini. Pengine kazi itakwisha. Pengine watanitia boloko, yaani gerezani, na sijui kwa muda gani. Naogopa, siwezi kukuficha. Lakini jana na leo nimeweza kula, jambo ambalo sikuliweza tangu tulipopima.

Mwalimu Tadeo, nakuomba umwite Mjomba Lukas umsomee barua hii tangu mwanzo, si nusu. Mjomba, wewe ndiye uliyetufundisha kutega samaki na kungoja bila kusema. Najua hubadili neno lako kwa machozi ya watu. Sikuletei machozi. Nakuletea mambo matatu: mlinzi aliyempa maji, mawe ya barabarani, na mimi mwenyewe ninayekiri. Mwana wa dada yako hakujitakia kifo. Aliniuliza mimi habari za sindano, akamuuliza mlinzi kama ni arobaini. Kama kuna jina katika ukoo wetu ambalo halifai kupewa mtoto, basi ni langu, na hilo sitalilalamikia. Lake lirudisheni nyumbani.

Veronika, shemeji yangu, sijui nikuandikie nini. Ukitaka kunichukia, nitaelewa. Viatu vyake na shati nitawapa Zakaria na mkewe wavitunze, wavitume kwa mtu wa kuaminika anayekuja Mwenga. Permis yake pia ipo, haikuchafuka. Mtoto akijua kusoma, apewe.

Nisalimie Shangazi Anjela, dada yake Baba, aliyetuuguza wote wawili kwa surua katika mkeka mmoja. Nisalimie mama mkwe wake Aloisi, na umwambie kwamba kijana aliyemwoa binti yake alikuwa na adabu mpaka mwisho; kuna mzee huku anaweza kushuhudia jinsi alivyorudisha kikopo. Nawe Mwalimu, asante kwa macho yako na sauti yako. Usikunje barua hii mpaka Mama akuambie.

Mama, mguu uupumzishe. Kwenye paa muweke majani mapya kabla ya Noeli, msingoje mimi.

Na siku ya ubatizo, padri akiuliza jina la mtoto, nanyi mkijibu kwa sauti, Aloisi, mnikumbuke na mimi.

Ni mimi mwanao,
Bonifasi